Nyumba ya Nkambo Katika Bustani ya Mambo ya Kale

Bustani ile ilikuwa katikati ya mji wa Kalemie, kati ya stesheni ya gari la moshi na njia inayoteremka bandarini, na kuingia kulikuwa bure. Kwetu hilo la bure halikuwa jambo dogo. Sinema ilikuwa na tiketi, mpira ulikuwa na tiketi, hata kule ufukweni penye viti vya kukalia kulikuwa na mtu wa kukuuliza umeagiza nini. Bustanini ulitoka misa ya pili ukaingia tu na nguo zako za Jumapili, ukatembea mpaka njaa ikurudishe nyumbani.

Ndani waliweka vitu vya zamani, nje, chini ya jua na mvua. Kulikuwa na mzinga wa vita vya Wabelgiji na Wajerumani, umekalishwa juu ya matofali, mdomo wake ukiangalia ziwa. Kulikuwa na nanga yenye kutu, mtumbwi wa gogo moja uliokuwa umepasuka kwa ukavu, na kengele ya meli ambayo watoto waliigonga mpaka mlinzi akaondoa ulimi wake. Mbali kidogo palisimama nguzo ya saruji isiyobeba kitu. Zamani ilibeba sanamu ya Mzungu mwenye kofia. Nchi ilipobadilisha jina ikawa Zaire, na sisi shuleni tukaambiwa tuache majina ya ubatizo, sanamu ile iliteremshwa kwa kamba ikapelekwa pasipojulikana. Watoto walipanda juu ya nguzo wakasimama na kunyoosha mkono kama alivyokuwa amenyoosha yeye.

Mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita mwaka ule walipokuja nyumbani kumwomba nkambo.

Nkambo ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama mzazi wa Papa. Alikuwa Muholoholo wa ukoo wa watu wa mdomo wa Lukuga, pale mto unapotoka ziwani, na kwa umri alikuwa amewapita wazee wote wa mtaa wetu. Hakuwa mtu wa maneno. Alisuka virago vya mafunjo uani, akala bugali yake na ndakala, vile visamaki vya ziwa, akalala mapema. Papa alikuwa kitinda mimba wake. Kaka zake Papa walikuwa wamekwenda kufanya kazi migodini upande wa Manono, wakaoa huko, wakabaki huko, na habari zao zilikuja kwa nadra kupitia watu wa gari la moshi la Kabalo. Kwa hiyo nkambo alikuwa wetu peke yetu.

Bwana aliyekuja alitoka katika biro moja, ofisi ya mji. Alieleza kwamba bustani ile ilijaa vitu vya Wazungu, na siku hizi nchi ilitaka watu warudi kwenye mambo ya wazazi wao. Wameamua kujenga humo nyumba ya kale, ya udongo na majani, yenye mafiga na vyungu, na wanatafuta mama mmoja anayeijua nyumba ya namna hiyo. Angewaonyesha namna ya kuijenga, kisha siku za sikukuu na Jumapili angeketi mlangoni akisuka, ili vijana wajifunze kwa macho. Alileta kitenge kimoja na sabuni.

Mama alitazama chini. Papa alianza kusema kwamba mzee wetu amechoka, hawezi kazi. Lakini nkambo aliweka kirago chake pembeni akamwuliza yule bwana swali moja tu.

"Nyumba mutaijenga wapi?"

Bwana akajibu kwamba itajengwa karibu na barabara, ili watu waione wakipita.

"Nitakuja," nkambo akasema, "lakini pa kujenga nitawaonyesha mimi."

Kesho yake nilimsindikiza. Walikuwa wamekwisha kupigilia vijiti karibu na barabara. Nkambo alivipita bila kuviangalia. Alikwenda hadi kwenye mzinga, akageuka akatazama ziwa, akatazama upande wa mdomo wa Lukuga, akarudi nyuma, akateremka tena. Alitembea taratibu akishika mkono wangu, na nilihisi vidole vyake vinakaza na kulegea. Mwishowe alisimama chini ya mteremko, karibu na jiwe kubwa jeusi lililotokeza katika nyasi. Akasema hapa. Yule bwana alipinga kwamba hapo ni pabaya, maji ya mvua yatapita. Nkambo akamjibu kwamba basi watafute mama mwingine. Wakubwa walikuwa wanatarajiwa kutoka Lubumbashi kwa ufunguzi, hakukuwa na wakati wa kutafuta mama mwingine. Vijiti vikang'olewa.

Nyumba ilisimama kabla mvua hazijaanza. Nkambo aliwaelekeza mafundi mlango uangalie wapi, ukuta uinuke kiasi gani, kitanda cha miti kikae upande gani. Ukuta wa kushoto aliwakataza wasiweke kitu chini yake, hata chungu. Walidhani ni desturi.

Siku ya ufunguzi shule zote zilipelekwa. Tuliimba na kucheza nyimbo za kusifu kama tulivyofundishwa, tukasimama juani wakati wa hotuba. Nkambo alikuwa ameketi mlangoni, amevaa kile kitenge, mikono yake ikisuka. Wakubwa walipita wakamwinamia, mmoja akapiga picha. Mwalimu wetu alitupitisha kwa mistari, akatuambia tutazame jinsi mababu walivyoishi. Nilipofika mbele ya nkambo niliwaambia wenzangu huyu ni nkambo wangu, na msichana mmoja aliuliza kama kwetu nyumbani tunalala pia katika nyumba kama ile. Wengine walicheka. Nkambo aliniangalia akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Papa hakutabasamu. Alikuwa karani bandarini, mtu wa kalamu, mwenye abakosti ya kijivu, lile koti lisilo na tai la miaka ile, ambayo aliipiga pasi mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na mikunjo yake. Siku ile alisimama na wenzake wa kazi, akaona watu wanamnyooshea kidole mama yake. Jumatatu yake kazini walimwuliza kama mama yake amewekewa pia kibao cha maelezo, kama mzinga. Alirudi nyumbani akala kidogo. Alimwambia nkambo kwa heshima kwamba ufunguzi umekwisha, sasa apumzike. Nkambo aliitikia. Jumapili iliyofuata, tuliporudi kutoka misa, hakuwepo uani. Alikuwa amekwenda zamani, peke yake, na fimbo yake.

Kisha hakungoja Jumapili tena. Alikwenda karibu kila siku. Mama alinituma baada ya shule nimpelekee chakula, sombe ya majani ya mhogo na bugali katika bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Nilimkuta amefagia ndani na nje. Mara nyingine hapakuwa na mgeni hata mmoja bustanini, ila mlinzi aliyesinzia kwenye mtumbwi. Nilikaa naye nikafanya kazi za shule juu ya goti. Mchana jua lilipokuwa kali aliingia ndani akajilaza kwenye kirago, si juu ya kitanda, bali chini, ubavu wake ukigusa ule ukuta wa kushoto, na nikamsikia anaongea kwa sauti ndogo, Kiholoholo, lugha ambayo mimi niliisikia nusu nusu tu. Nilifikiri anasali. Wageni wakiingia aliwaonyesha kwa mkono wapite upande wa kulia.

Nilipenda saa zile. Kulikuwa na harufu ya majani makavu na udongo uliolowanishwa, na mlangoni ulionekana mkanda wa ziwa, na mbali zaidi, siku za mwangaza, milima ya ng'ambo. Nkambo alinifundisha kusuka ukingo wa kirago. Nilivuta vibaya, akakifungua, nikaanza tena.

Jumapili moja Papa aliniambia nivae viatu twende pamoja. Tulimkuta nkambo ndani, anakata mafunjo. Papa alimsalimu, akainama kupita mlangoni, akatafuta pa kuketi.

"Mama, nimekuja kukurudisha nyumbani," alisema. "Kazini wananicheka. Wanasema mama yangu amewekwa kwa maonyesho."

"Wacha wacheke."

"Mimi sitaki wacheke. Una mutoto, una nyumba, una wajukuu. Kwa nini ukae hapa kama mutu asiye na watu?"

Papa alikuwa amesogea ili anyooshe mguu, na kiatu chake kikakaribia ule ukuta. Nkambo aliinua mkono.

"Usikanyage pale."

"Pale kuna nini?"

Nkambo aliweka kisu chini. "Pale njo dada yako analala."

Papa alinitazama mimi kwanza, kama mtu anayetaka kujua kama amesikia sawa. Hakuwa na dada. Sisi sote tulijua hakuwa na dada.

Nkambo akasimulia, akitazama mafunjo yake. Kabla ya mji huu kufika mpaka huku chini, hapa palikuwa kijiji chao. Aliolewa akiwa msichana, akazaa mtoto wa kike, wa kwanza. Mtoto akaishi mpaka akaanza kucheka akiona uso wa mama yake, akaanza kuketi mwenyewe. Wakati wa baridi, pepo za kusini zilipovuma kutoka ziwani, alishikwa na kikohozi akafa. Siku zile mtoto mchanga hakupelekwa mbali. Alizikwa karibu na ukuta wa nyumba, kwa ndani, upande anaolala mama yake, ili asiogope. Haukupita muda mrefu, Wazungu walitaka mahali pale kwa ajili ya njia na maghala. Kijiji kikaambiwa kihame ng'ambo ya Lukuga. Watu walibeba milango yao na vyungu vyao, kisha nyumba zikachomwa. Nkambo aliomba mtoto afukuliwe wahame naye. Wazee walikataa, wakasema mtu aliyelazwa haamshwi.

Baadaye pakawa mtaa wa Wazungu. Mtu mweusi alipita humo akienda kazini na kutoka kazini, hakusimama. Palipofanywa bustani, mlinzi aliwafukuza. Uhuru ulipokuja, vita vikaja pamoja nao, kisha utulivu, na bustani ikawa ya watu wote. Aliingia mara kadhaa, akaketi kwenye nyasi, watu wakamwuliza mama unatafuta nini, umepotea, kwenu wapi. Akaacha. Mpaka walipokuja wale wa biro kumwomba aketi, wao wenyewe.

"Sasa nikikaa hapa hakuna mutu ananiuliza kitu," alisema.

Papa alikuwa amevua viatu vyake. Sikuona alipovivua. Aliviweka nje ya mlango akarudi akachuchumaa.

"Baba alijua?" aliuliza.

"Baba yako njo alichimba. Alichimba, akafukia, akanawa mikono. Hakusema tena neno juu yake mpaka anakufa. Na mimi sikusema. Ningesema na nani?"

"Jina lake?"

Alilitaja. Sitaliandika hapa. Lilikuwa limekaa kinywani mwake peke yake karibu maisha yake yote, na nadhani libaki humo.

Papa hakuongea tena juu ya kumrudisha nyumbani. Akitoka kazini jioni alianza kupitia bustanini, akamkuta nkambo, wakarudi pamoja polepole, yeye akibeba mafunjo, abakosti yake ikiwa mwilini. Wenzake walichoka kucheka. Mvua za mwaka ule maji yalipita kweli mteremkoni, na Papa alikuja Jumamosi na jembe akachimba mfereji kuzunguka nyumba, yeye aliyekuwa hajashika jembe tangu utoto. Nkambo alikaa mlangoni akimwonyesha wapi akunje kona. Sikumbuki wakati mwingine nilipowaona wawili wale wakifurahi hivyo.

Hali ile ilidumu majira mawili ya mvua. Kisha yule bwana wa kwanza alihamishwa, akaja mwingine. Huyu mpya aliona nyumba ya majani inaoza na inatia aibu, na akataka mahali pale pawe jukwaa la saruji la sherehe, lenye mwenge mkubwa juu yake kama wa bendera. Mteremko ungefaa, watu wangekaa juu wakatazama chini. Papa alikwenda kwake. Alieleza yote, pamoja na jambo ambalo nkambo hakutaka lijulikane. Yule bwana hakuwa mkali. Alisema amemhurumia mama, lakini chini ya mji mzima kuna watu, tukianza kuwahesabu hatutajenga hata choo. Alimruhusu Papa awepo siku ya kuchimba msingi, na wakipata chochote, achukue.

Papa alitaka nkambo abaki nyumbani siku hiyo. Hakukubali. Tulikwenda watatu asubuhi, kiangazi, vumbi likiwa juu ya kila kitu. Nyumba ilikuwa imekwisha kubomolewa jana yake, majani yamelundikwa kando. Papa alileta sanduku dogo la mbao alilolipiga randa mwenyewe, na kitambaa cheupe ndani yake. Kapita, msimamizi wa mafundi, mtu mwenye mvi, alipoelezwa aliwaambia vijana wake waache sururu watumie majembe, na wachimbe pole pole upande ule. Nkambo aliketi kwenye kigoda karibu na lile jiwe jeusi.

Walichimba. Likatoka kaa la zamani, kikatoka kipande cha chungu, ikatoka mizizi mingi. Kila mara jembe lilipogonga kitu, sote tuliinama. Kapita alishuka mwenyewe shimoni, akapangua udongo kwa vidole. Waliongeza upana, wakafuata pale ulipokuwa ukuta mwanzo hadi mwisho, kisha wakaenda nje kidogo. Ukaja udongo wa njano, mgumu, safi.

"Endeleeni chini kidogo," nkambo akasema.

Wakaendelea. Kapita alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akaja kuchuchumaa mbele yake ili asimwambie akiwa amesimama.

"Mama, huu udongo haujawahi kuguswa na mutu."

Nkambo alilitazama jiwe. Aliliwekea mkono. Akatazama mdomo wa Lukuga, kisha tena jiwe.

"Nilikuwa nikitoka mlangoni naliona kwa mukono huu," alisema. "Njo hili. Ao Wazungu walitoa mawe mengine, wakaacha hili tu."

Papa alisimama na lile sanduku, hajui aliweke wapi. Mwishowe alilifunga akaliweka kwapani, akamshika mama yake mkono, na tukapanda kurudi nyumbani. Nyuma yetu nilisikia sururu zimeanza tena.

Nkambo hakurudi bustanini. Hakulia mbele yetu. Aliendelea kusuka uani, lakini aliacha kirago katikati akaanza kingine, na virago visivyokwisha vikawa vingi ukutani. Siku moja nilikuwa namsaidia kulowesha mafunjo, akaniita mama, kama wazee wanavyowaita wasichana, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza maji yamebaki kiasi gani.

"Mama wee, siku zile zote kule ndani, nilikuwa nasema na nani?"

Nilikuwa mtoto. Nilimwambia kwamba alikuwa anasema na dada yake Papa. Aliitikia kwa kichwa ili kunifurahisha mimi, na nilijua hivyo hata wakati ule.

Alikufa wakati wa baridi uliofuata, asubuhi, Mama akiwa anamchemshia uji. Papa alikwenda tena kwa yule bwana wa biro kuomba azikwe bustanini, popote, hata pembeni kwenye ukuta. Alirudi mapema kuliko tulivyotazamia, akasema maziko yatakuwa kwenye makaburi ya mji kama watu wote. Alimvika mama yake kile kitenge. Lile sanduku dogo hakuliweka kaburini, na sikumwuliza lilikwenda wapi.

Miaka kadhaa baadaye nilipata nafasi katika shule ya wauguzi ya masista huko Moba. Sista aliyetufundisha ukunga alisema siku moja, akiongea jambo jingine kabisa, kwamba mifupa ya mtoto mchanga ni laini, na katika udongo wenye maji inaweza kuyeyuka isibaki kitu. Sikusikia sehemu iliyobaki ya somo. Nilingoja likizo, nikapanda meli kwenda Kalemie, na siku ya kwanza Papa alipotoka kazini nilimweleza.

Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amezeeka, abakosti imempwaya mabegani.

"Kwa hiyo inawezekana ilikuwa pale," alisema.

"Inawezekana, Papa."

"Na ule udongo wa njano?"

Nilimwambia sijui.

"Yeye angependa kusikia hilo la mifupa," akasema, akachukua kofia yake.

Tulikwenda bustanini. Mama aliniambia baadaye kwamba Papa alikuwa akienda humo karibu kila jioni tangu mazishi. Jukwaa la saruji lilikuwa pale na mwenge wake, ngazi zimeanza kupasuka, vijana wawili wameketi juu wakipigana mabega na kucheka. Nilidhani Papa atakwenda kusimama karibu na lile jiwe. Alilipita. Alikwenda mpaka kwenye mzinga, akateremka kwenye nanga, akafuata ukuta wa nyuma, akarudi kwa kengele isiyolia, mikono nyuma, akiangalia anapoweka mguu. Nilitembea kando yake. Hakukuwa na mahali pa kusimama, kwa sababu hatukujua mtoto alilazwa wapi, kwa hiyo tulizunguka pote, na kila alipofika kwenye nyasi zisizokanyagwa alipunguza mwendo. Jua lilipoanguka nyuma ya mji aliuliza kama nimekula kitu melini. Nilisema sijala. Akasema basi twende, mama yako amepika.